Gwamaka Alivyoisafisha Kazi ya Mwanangu

Ninyi mnaosoma vyuo, mnaoingia steshenari na flashi mkononi mkisema "dada, nifanyie haraka, nawasilisha leo", hebu kaeni kidogo. Mimi ndiye yule dada. Nilikaa nyuma ya kompyuta pale Tukuyu mjini, duka la pili ukitoka sokoni kama unapanda kwenda ofisi za wilaya, mpaka macho yakagoma na mgongo ukajikunja. Shule yangu ni darasa la saba, basi. Kuchapa nilijifunzia kwenye taipureta ya kanisani, ile ya kupiga kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Kazi nimeacha bila keki wala risala. Siku hizi nikipita pale nageuza uso, natazama upande wa pili wa barabara kama vile kuna kitu.

Nataka kuwaambia habari za hayo mnayonakili mitandaoni, na sitazunguka. Walioniharibia ni wawili na majina yao nayataja: Mzee Ambokile, mwenye duka, na Gwamaka, kijana niliyekuwa nafanya naye kazi meza moja. Kama wanasoma hapa, wasome vizuri.

Ubaya wenyewe ulianza kama kichekesho. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa kuja, anajiendeleza na chuo huku anafundisha. Akaja dukani na haraka zake. "Nitafutieni habari za volkano, kurasa kama sita hivi, kesho nasimama mbele ya darasa kule Mbeya." Gwamaka akafungua ile ensaiklopidia ya bure ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika na kuirekebisha. Akakomba ukurasa mzima, akaubandika, akaprinti, akaweka kava. Mwalimu akaondoka anapiga mluzi.

Sasa mnajua kwenye zile kurasa, kila kichwa cha habari pembeni yake pameandikwa "hariri", pengine "hariri chanzo", ni sehemu ya kubonyeza ukitaka kurekebisha. Mwalimu hakusoma kazi yake. Akasimama mbele za watu na suti, akaanza: "Historia. Hariri. Hariri chanzo. Mlima huu ulilipuka..." Akaendelea. "Jiografia. Hariri. Hariri chanzo." Wenzake wakaanza kuguna, halafu mmoja akashindwa kujizuia: "Mwalimu, samahani, hicho chanzo tukihariri mara ngapi?"

Alirudi dukani ametoa macho. "Mmenivua nguo! Mmenivua nguo mbele za watu wazima!"

Gwamaka alijificha nyuma ya printa anacheka mpaka machozi. Mimi nami nilicheka, nisiwadanganye. Lakini Mzee Ambokile hakucheka. Alimtuliza yule mwalimu, akamtolea kazi upya, na alipoondoka akatuita wote wawili mezani.

"Kuanzia leo kazi haitoki humu bila kusafishwa. Maneno ya bluu yawe meusi. Hizo hariri ziondoke. Na hivi vinamba vya kwenye mabano, vimetua kama inzi kwenye nyama, vifagieni vyote. Mteja anataka karatasi safi."

Hiyo ndiyo ikawa kusafisha. Ikawa ufundi wa duka letu, watu wanatoka mpaka kule Ushirika, nje ya mji, kuufuata. Mwanafunzi anaingia, hasemi mengi: "Kaka Gwamaka, nisafishie." Gwamaka anavuta kiti, anazungusha shingo, vidole vinakimbia. Vinamba vinaondoka, alama za kunukuu zinaondoka maana naye alikuwa anaziona kama kucha za paka, na ile orodha ya mwisho, ya majina ya vitabu na watu, anaikata yote. "Hii ya nini? Majina ya wazungu tu, inamaliza karatasi." Mwanafunzi anashukuru. Ndaga, kaka, ndaga fijo, asante sana. Nendeni sasa hivi mkaulize, bado wanamshukuru hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa sijui kama kuna ubaya. Aliyenifumbua macho ni binti yangu, Atuganile. Huyu nimemlea peke yangu mtaa wa Msasani, hapa hapa Tukuyu, chumba na sebule, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Alikuwa Mbeya, anarudi nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi. Siku moja ananingoja dukani nifunge, akamwona Gwamaka anafagia kazi ya mtu.

"Mama, mnatoa namba?"

"Uchafu huo."

"Uchafu? Mama, hizo ndizo zinasema haya maneno yametoka kwa nani! Ukizitoa, maneno ya mtu umeyafanya ya kwako. Chuoni huo ni wizi, mtu anafukuzwa."

Gwamaka akadakia bila kugeuka: "Mdogo wangu, wewe soma. Huku tuachie wenye fani."

Atu hakugombana naye. Alikuwa anampenda, anamwita kaka, maana Gwamaka alikuwa akila kwangu kama mtoto wa nyumbani. Akavuta kiti kwenye kompyuta yangu akanionyesha, na haya ndiyo ninayotaka mchukue, hata kama mengine yote mtayasahau. Ukibonyeza kale kanamba, ukurasa unakushusha mpaka chini, unakuta jina la kitabu, au ripoti, au gazeti, ambamo habari ile imetoka. Unakifungua hicho. Unasoma mwenyewe kama kweli kinasema hivyo. Kikisema, unakiandika hicho, na mahali ulipokitoa. Kisiposema, unaiacha sentensi hiyo hata kama ni tamu. Na kama sentensi haina kanamba kabisa, basi ni maneno ya mtu tu, sawa na maneno ya kijiweni.

"Sasa kumbe hii ensaiklopidia ni mbaya?" nikamuuliza.

"Si mbaya, mama. Mwalimu wangu anasema anzia hapo, lakini usiishie hapo. Na kama kuna neno umelitoa humo humo, sema umelitoa humo, na siku uliyosoma. Kwa sababu kesho mtu anaweza kulibadilisha."

Akanibonyezea mahali palipoandikwa historia. Loo! Kila aliyegusa ukurasa yumo, na siku, na saa. Nilikuwa nimeufungua ukurasa ule mara ngapi sijui, na pale sijawahi kupagusa.

Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya wakulima wa parachichi wa Kisondela, kwa wajomba zangu huko. Hapo napo pana kioja. Siku hizo kuna mtu alikuwa ameingia mtandaoni akaandika kwamba aliyeleta parachichi Rungwe yote ni babu fulani, na ukitazama jina ni ukoo wake mwandishi mwenyewe. Babu huyo alikuwa ameshapita dukani kwetu kwenye asaimenti mbili, kurasa safi, hana hata kanamba. Atu alipomkuta akasema hapana, huyu lazima nikamuulizie. Akapanda bodaboda mpaka Kisondela, akawakuta wazee kwenye kuchambua parachichi.

Mjomba wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Yule? Mwe! Yule alikuwa na ndizi zake tu, na hata hizo alimwachia mke. Parachichi alikuwa anasema ni chakula cha nguruwe!"

Atu akaandika kwenye kazi yake: habari hii ipo mtandaoni, haina chanzo, na wazee wameikataa. Msimamizi wake chuoni alimsifu kwa hilo. Nawaambia hili mwone kwamba huyu mtoto hakuwa mwizi. Mtu anayefunga safari mpaka Kisondela kwa sababu ya sentensi moja haibi.

Nilimwambia Mzee Ambokile kwamba kusafisha kule si kuzuri, tutawafukuzisha watoto wa watu. Alinitazama juu ya miwani. "Mama Atu, wewe ni mchapaji au profesa? Mimi sijamwita mtu aje kunakili. Wanakuja wenyewe." Basi. Mimi kwenye kompyuta yangu nikawa nawaachia namba zao, anayetaka kusafishwa nasema nenda kwa yule pale. Foleni yote ikahamia kwa yule pale.

Atu alimaliza kuandika kazi yake kwa kuazima kompyuta za wenzake, kila kitu kiko kwenye flashi moja, hana kwingine. Akaja nayo nyumbani mwisho wa wiki. Jumapili jioni ilibidi arudi Mbeya, asubuhi ana mtihani, na kazi inatakiwa chuoni Jumatatu hiyo hiyo kabla ofisi hazijafungwa. Akanipa flashi.

"Mama, utaprinti mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na kubaindi nabaindi mwenyewe. Nitampa kondakta, wewe ukaipokee stendi."

Asubuhi ile kabla sijafungua hata kompyuta, simu: mke wa mjomba amefariki Kisondela. Mnatujua Wanyakyusa na misiba. Huwezi kusema ngoja kwanza niprinti. Wanawake wa ukoo wanakuhesabu palepale, usipoonekana kwenye kupika utasemwa mpaka na wewe uzikwe. Nikamkabidhi Gwamaka flashi mkononi. Nilimwambia, na Mungu ananisikia, "Itoe kama ilivyo. Baindi, kava ngumu, mpe kondakta wa kosta. Kama ilivyo, umesikia?"

"Dada, hiyo ni kazi ya mdogo wangu. Wewe nenda ukalie."

Nikaenda nikalia. Atu alinipigia jioni: mama, nimeipokea stendi, nikakimbia moja kwa moja, wakati wanataka kufunga, nimewasilisha. Nikamshukuru Mungu kule jikoni msibani, moshi machoni.

Nilirudi kazini baada ya kuanua matanga. Gwamaka alinipokea kwa tabasamu, anasugua mikono.

"Dada, kazi ya Atu nimeitendea haki. Ilikuwa imechafuka ile! Namba kila mstari, kila mstari! Nimemsafishia yote, mpaka ule mkia wa mwisho nimeukata. Imetulia, utafikiri kitabu."

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Si nilikwambia kama ilivyo?"

"Dada, ningemwachaje mdogo wangu aende na kazi chafu, na wateja wa barabarani ninawasafishia?"

Kwa upendo, mnaona? Kwa upendo kabisa. Nikachomeka ile flashi, aliyokuwa ameibakiza kwenye droo. Alikuwa ameisafisha humo humo na kuihifadhi juu ya ile ya zamani. Hapakuwa na namba hata moja. Pale Atu alipochukua maneno ya mtu akayafungia ndani ya alama za kunukuu, alama zimeondoka, maneno yamebaki yamekaa kama ameyatunga yeye. Majina ya vitabu hayapo. Wazee wa Kisondela hawapo. Mtoto wangu alikuwa amegeuzwa mwizi kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kava nzuri juu yake.

Nikampigia Atu. Nikamweleza yote. Akasema, "Wameshaniita, mama. Nilikuwa sielewi wananiita nini."

Alikwenda kwenye kamati akaeleza kila kitu. Msimamizi wake alikuwa ameona sura za kwanza zikiwa na namba, akalisema hilo. Lakini wakajibu wanapima iliyowasilishwa, siyo iliyoonwa. Huenda ameongeza mengine ya wizi baadaye na kufuta namba ili yasijulikane. Mmoja akamuuliza, "Umewahi kuona wapi duka linafuta marejeo ya mteja? Kwa faida gani?" Na kweli, mtu wa mbali ataaminije? Ni sisi tu tulikuwa na desturi ya kijinga hivyo. Mwishoni wakasema sawa, tutawapigia hao wa steshenari. Wakikiri kwamba waliifuta wao, utaruhusiwa kuirudishia namba na kuwasilisha tena. Wasipokiri, umefeli utafiti, na wenzako wakihitimu wewe huhitimu.

Basi mkae mkijua kilichokuwa kinatakiwa. Sentensi moja. Mtu aseme, nilifuta mimi.

Usiku huo Gwamaka alikuja nyumbani akaapa. "Dada, nitasema. Ni mimi, nitasema ni mimi." Nikampa chakula, akala.

Simu ilipigwa kesho yake dukani, saa za mchana, mvua inanyesha tumefunga mlango nusu. Mzee Ambokile akaipokea akaiweka spika. Sauti ya mwanamume, mpole, akajitambulisha anatoka chuo. Akauliza: kazi ya mwanafunzi huyu mliichapisha ninyi? Ndiyo. Je, mlibadilisha chochote ndani, mlifuta marejeo?

Mzee Ambokile hata hakumeza mate. "Hapana, mheshimiwa. Sisi hapa tunatoa kama inavyoletwa. Kijana aliyeitoa huyu hapa, muulize." Akamsogezea Gwamaka simu, na macho yake yakamwambia mengine. Mimi niliyaona. Duka lile lilikuwa limeshasafisha kazi za nusu ya wanafunzi wa Rungwe. Gwamaka akikiri moja, watafukuliwa wote, na mwenye duka pamoja nao.

Gwamaka alinitazama. Halafu akatazama printa.

"Ndiyo. Tunatoa kama inavyoletwa."

"Gwamaka!" Nilipiga kelele. "Gwe Gwamaka! Sema kweli! Jana umekula kwangu!"

Sauti kwenye simu ikauliza, "Huyo anayepiga kelele ni nani?"

"Ni mama yake huyo mwanafunzi," akasema Mzee Ambokile, kwa huruma, kama mtu anayemwombea mgonjwa. "Yupo hapa dukani. Ameumia, mama wa watu."

"Ahaa," ikasema sauti. "Nimeelewa."

Ile ahaa ndiyo iliyotuzika. Baada ya hapo ningesema nini? Mama anamtetea mtoto, nani hajui.

Simu ilipokatika nilimuuliza Gwamaka kitu kimoja tu: "Kwa nini?"

"Dada, mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye mmoja."

Mzee Ambokile akasema tusigombane mbele ya wateja. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Nikachukua khanga yangu kwenye msumari na ndiyo ikawa kustaafu kwangu.

Atu alifelishwa. Wenzake walihitimu, akazima simu siku hiyo asione picha. Alirudi Msasani akawa hasemi. Anaosha vyombo, anapika, hasemi. Nikimtaja Gwamaka anatoka nje. Nilidhani ana hasira naye. Siku moja nikamwambia, mwanangu, wale wawili Mungu atawalipa. Akanijibu bila kuinua kichwa, bado anamenya ndizi:

"Mama, uliniambia utaprinti mwenyewe."

Nilimkumbusha msiba. Akasema anajua. Akaendelea kumenya.

Mwaka uliofuata alirudia utafiti mwanzo mpaka mwisho. Safari hii hakuazima kompyuta ya mtu, aliomba nafasi kwenye kompyuta za shule moja baada ya masomo, akawa anachapa polepole, vidole viwili. Kila akifika mahali pa chanzo anasimama, anafungua, anasoma, ndipo anaandika. Nakala aliziweka sehemu tatu, moja anajitumia kwa barua pepe kila siku akimaliza. Fanyeni hivyo na ninyi. Na kazi ikitoka kwenye printa isome, ukurasa kwa ukurasa, kabla haijafungwa kava, hata aliyeiprinti awe mama yako mzazi. Wengine mtasema mnaharakishwa. Atu naye aliharakishwa.

Alipita, nisiwafiche. Sasa ana kazi yake mbali na hapa, anatuma salamu sikukuu. Lakini ninachokikumbuka mimi siyo matokeo. Ni asubuhi ile anakwenda kuwasilisha, tupo stendi ya Tukuyu, mvua zetu zile zisizokatika, ukungu mpaka kwenye paa za magari. Kazi ameiweka kwenye mfuko wa nailoni, halafu ndani ya begi, begi kifuani. Kosta imekuja, watu wanasukumana, na yeye bado hajafunga kamba za viatu.

Nikanyoosha mikono. "Lete nikushikie, ufunge viatu."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo.

"Acha tu, mama. Nitashika mwenyewe."

Akapanda hivyo hivyo, kamba zinaburuta kwenye matope, amelikumbatia begi kwa mikono miwili.